Vijiti Vyako Vimefika kwa Mama

Kaka yangu Byamungu,

Vijiti vyako vimefika nyumbani. Kimoja kimesimama mbele ya jiko la mama, kimepakwa rangi nyekundu kichwani, na mama amekifungia mbuzi. Laiti ungemwona alivyofurahi. Mimi furaha yake hiyo inanitia hofu.

Simu yako haipatikani, na ya Afande, bosi wako wa kule Ruti, Mbarara, inaita mpaka inakatika. Ndiyo maana nakuandikia. Karatasi hii nampa mtu wa Rwekubo anayepeleka ndizi Mbarara. Akikukuta na randa mkononi, iweke chini kwanza usome.

Unakumbuka tulipofika hapa kambini Nakivale, mafundi wote wakakimbilia vitanda na milango, na wewe ukawatangazia watu: "Mimi niko fundi ya vijiti. Kitanda muende kwingine"? Ukachonga miiko ya bugali, mipini ya majembe, fimbo za wazee wa kanisa na mambo, vile vigingi vya kufungia mbuzi. Watu walicheka, lakini wewe hukucheka, na hapo ndipo tulipovunjika mbavu. Ulikuwa unainua kijiti, unafumba jicho moja, unakichungulia kwa urefu wake kama mtu anayetazama nani anakuja mwisho wa barabara.

Sijasahau mpini wa Papa Riziki, jirani yetu wa upande wa kisima. Uliona umepinda kidogo kushoto, ukachonga. Ukaona sasa umepinda kulia, ukachonga tena. Kufika mchana ulikuwa mwiko, na jioni ulifaa kuchokolea meno. Mzee alipokuja kuuchukua ulimjibu bila kupepesa macho: "Papa, mupini ilijificha ndani ya muti. Bado natafuta." Alicheka mpaka akakaa juu ya maranda yako. Mama naye akapaza sauti kutoka jikoni: "Ule mutoto anachonga, ao anakula miti?"

Nami ulinifundisha, ingawa watu walisema kazi ya shoka si ya msichana. Uliniambia kabati ni rahisi kuliko kijiti. "Kabati iko na fasi mingi ya kuficha makosa. Kijiti haina." Kila mambo uliyochonga uliichoma ncha motoni mpaka ikawa nyeusi, ili mchwa wasiiguse, halafu ukakichonga kichwa chake mviringo taratibu kwa kisu, ili nyundo isikipasue. Nilikuuliza kwa nini unapamba kitu cha kuzikwa ardhini, ukasema mbuzi naye ana macho.

Kisha akaja yule Afande, askari mstaafu, na viatu vyake vinavyong'aa katika vumbi letu. Aliokota mambo moja, akaigeuza geuza.

"Wewe unaweza tengeneza hii mingi?"

"Mingi namna gani, Afande?"

"Mingi. Yote sawasawa."

"Ni ya kufanya nini?"

"Kijiti ni kijiti. Hapana uliza."

Siku hiyo tulimwigiza mpaka mama akatufukuza jikoni. Ulikuwa unatembea kifua mbele na mwiko kwapani, unaiambia sufuria, "Hapana uliza!" Kesho yake ulibeba shoka na randa ukaenda naye. Nilifurahi kwa ajili yako, kaka, nasema kweli. Ila nilipokuwa nakuaga niliona kwamba kati ya mizaha yako yote, yule mtu hakuwa amecheka hata mmoja.

Vijiti vya kwanza niliviona katika mashamba ya maharagwe, upande wa njia ya Kabingo. Vilikuwa vimepangwa mstari mnyoofu, na wanaume wenye makoti ya njano walikuwa wanavipiga nyundo. Niliwauliza kama ni barabara inakuja. Mmoja akasema, "Sisi tunapiga tu, dada." Sikujali sana. Baada ya mvua mbili tatu mstari ulivuka kisima, ukaingia kwa Papa Riziki, ukapita katikati ya migomba yake. Wale wenye nyundo wakamwambia atafute pengine pa kukaa, na hakuna aliyemwambia ni wapi. Nilikwenda kumsaidia kufunga mabati yake. Kijiti kimoja kilikuwa kimelegea, nikakichomoa. Ncha yake ilikuwa nyeusi na kichwa kimechongwa mviringo kwa kisu. Nilikirudisha haraka shimoni kabla mzee hajakiona, kisha nikaenda nyuma ya choo nikalia.

Sikumwambia mama, na wala haikusaidia. Walipofika kwetu alikuwa anachambua mchicha. Alingoja wamalize kupiga, akakipapasa kile kichwa, akaanza kupiga vigelegele peke yake.

"Hii ni mukono ya Byamungu! Nani mwingine anaweza kupamba kijiti ya kupigwa nyundo?"

Nilimweleza kijiti hicho maana yake nini, kwamba nyumba inayopigiwa kijiti inabomolewa. Nilimwambia wewe unachonga tu huko Ruti, na wengine ndio wanaochagua pa kupiga. Alinitazama kwa huruma, kama mtoto asiyeelewa. "Byamungu anajua fasi nyumba ya mama yake iko," akasema. "Ametuma hii ili watupite."

Majirani wamekwenda kwa mwenyekiti kulalamika, lakini mama amekataa kwenda nao. Anasema hawezi kushitaki kazi ya mtoto wake. Mvua ikinyesha anatoka na kitambaa kukifuta matope. Hajafunga hata sufuria moja.

Jana tingatinga lilifika. Nyumba ya Papa Riziki haikuchukua muda hata wa kuivisha maharagwe. Mama alijifunga kitenge chake cha kanisani, akamwendea dereva akamwambia, "Mimi niko mama ya fundi." Yule kijana akacheka, akidhani ni mzaha. Mama naye akacheka, akarudi nyumbani akalala usingizi mzuri. Tingatinga limeegeshwa pale. Nikisimama mlangoni kwetu naliona lote.

Mimi nimeshindwa, kaka. Nimembembeleza, nimemfokea, nimempigia magoti. Hatanisikiliza, kwa sababu anakusikiliza wewe, na wewe hupo. Njoo. Acha kazi ya Afande ilivyo, njoo umwambie kwa kinywa chako kwamba ulichonga tu, kwamba hukujua vinakwenda wapi.

Na kama ulijua, njoo vilevile. Usimwambie kitu. Mshike mkono tu, mtoke naye.

Ni mimi dada yako mdogo, niliyebaki na mama