Ukuta wa Majina ya Mwalimu Kambere

Ni mwaka mmoja sasa tangu tulipokulaza kule Masereka, Papa Bénite, kando ya shamba la viazi la mama yako. Hapa Butembo kikombe chako cha chai kiko bado mahali pake. Hakuna anayekitumia.

Ulifundisha kemia kwa furaha ambayo wengine wanaiweka kwenye mpira. Kila mwanafunzi mpya ulijaribu kumwandikia jina kwa alama za elementi, na jina likikubali, ulilipaka kwa rangi ya mafuta kwenye ukuta wa nje wa darasa. Lako lilikubali: K, Am, Be, Re. Binti yetu ulimwita Bénite kwa sababu hiyo hiyo: Be, N, I, Te. Langu lilikataa, ukanitania miaka yote: "Hulda, H inaenda, U inaenda, mais L inatushinda." Nilikuwa nikikasirika, kisha nakupakulia chakula kingi zaidi.

Jina la rafiki yako Gamaliel nalo lilikataa, akanuna. Moyo wako haukuweza kumwacha mtu nje. Ulimchorea kisanduku chake peke yake, ukaandika jina zima kwa rangi nyekundu, ukalirudia mara ya pili, ukasema hiyo ni elementi ambayo bado haijavumbuliwa. Mimi mke wako sikupata kisanduku. Nilisema sawa, ni rafiki yako.

Siku ya kukuzika, Gamaliel, mkuu wa shule, alishika mikro mbele ya kanisa lote: "Hii ukuta, hakuna mutu ataigusa wakati niko muzima." Tulimwamini. Siku ya kutoa matanga tulimpa koti lako la darasani, kwa kuwa koti la marehemu hupewa aliyekuwa karibu naye kuliko wote.

Kisha shule ikangoja wageni. Gamaliel aliita watu wa chokaa bila kututumia hata neno. Bénite alikuta ukuta ni mweupe, na Gamaliel amesimama pale ndani ya koti lako. Alimuuliza kwa nini.

"Bageni batafikiri ni uchafu, mutoto wangu."

Umesalitiwa, Kambere, na sisi pamoja nawe. Tunalisema wazi kwa sababu wewe ungenyamaza.

Lakini chokaa yenyewe ilitiwa maji mengi. Mvua zimepiga, na ukuta umeanza kumenyuka. Jina la kwanza kurudi si lako wala la Bénite. Ni lile jekundu, ulilolipaka mara mbili. Kila anayeingia shuleni analisoma likiwa peke yake.

Jumapili hii tunasali nyumbani kwa kumbukumbu yako. Gamaliel ametuma salamu kwamba atakuja. Aje, akae kwenye benchi, ale na wengine. Mikro hatutampa. Na koti alirudishe. Bénite amekua, linamtosha.

Tunaokukumbuka: mimi Hulda mke wako, Bénite binti yako, ndugu yako Kitsa wa Mulekera, na jamaa wote wa Masereka. Daima tutakukumbuka, wewe na kila jina lililo chini ya chokaa.