Gitaa ya Waya wa Breki

Mpendwa Mama Aber,

Simu zangu huzipokei. Unajua kalamu si kitu changu, lakini mimi nikianza jambo siliachi njiani. Basi naandika, na kila mtu asome.

Kaseti yetu ya bendi ya Mabati imefufuka. Vijana wa Kamwokya waliipata kwa fundi redio, wakanitafuta mpaka hapa Nsambya, kwenye nyumba ya polisi aliyopewa binti yetu Aber. Mkubwa wao ni msichana, Nakato. Anasema muziki wetu unaitwa post-punk, aina ya roki kali, eti Ulaya walikuwa wanapiga hivyo hivyo siku zile. Nikamwambia hao wa Ulaya walituiga. Akacheka. Sikuwa natania.

Akauliza, "Mzee, hii gitaa inalia kama bati linakatwa, nani alipiga?"

"Nani mwingine? Mimi."

"Na ngoma?"

"Mimi."

"Ulikuwa na mikono mingapi, mzee?"

Nikasema tulirekodi mara mbili. Hivyo ndivyo nilivyojifunga kwa mdomo wangu mwenyewe.

Unakumbuka chumba chetu kambini, godoro tumeliegemeza mlangoni ili afande jirani asilalamike? Mimi nilikuwa nimetoka kwenye ngoma za gwaride, mkono unajua mwendo wa askari tu. Marehemu Ojok, mwenzetu wa bendi, akaweka besi chini, akasema, "Huyu anatuandamisha." Ukamjibu, "Mwache aandamane, mimi nitapita pembeni." Nyuzi mbili za gitaa yako zilikuwa zimekatika na mjini hakuna. Ukafungua waya wa breki ya baiskeli yangu, ukauchambua uzi kwa uzi, ukafunga. Sauti ile ikatoka. Wiki nzima nilikwenda kazini kwa miguu, nikiringa.

Miaka minne tulipiga, Kamwokya, Bukoto, hata ile arusi ambapo baba wa bibi arusi alichomoa waya wa umeme. Mwenye studio alitaka tulainishe muziki, watu wacheze wawili wawili. Tukakataa. Tukajirekodi chumbani, tukauza kaseti mkononi sokoni, hatuna bosi. Nani mwingine alifanya hivyo?

Halafu akaja yule mtu wa redio. Ulikuwa unamimina chai. Akauliza nani anatunga, nani yuko kwa gitaa. Nikasema, "Hii bendi ni mimi."

Ukamwekea sukari, ukamkaribisha. Hukugombana. Lakini gitaa hukuishika tena, na bendi ikafa. Watu wakiniuliza nasema Ojok alichoka. Watoto wakakua, ukarudi Gulu kwa dada yako, na mimi nikaendelea kusema hivyo hivyo.

Sasa Jumamosi wananitaka jukwaani na gitaa. Wamebandika picha yangu, mimi peke yangu, ukutani mpaka Bukoto. Nimenunua waya wa breki. Nimeufunga, sijui unavutwa mpaka wapi. Umenikata kidole. Nakato akipiga simu kuuliza siri ya sauti ile, namwambia angoje aone. Nikitoka nje majirani wananiita mwanamuziki. Nikirudi ndani namkuta Aber na sare yake, anatazama kidole changu. Huyo utotoni alikuwa anacheza chini ya kitanda sisi tukipiga. Anajua. Jana aliuliza tu, "Baba, utafanyaje?" Nikamwambia apike.

Nakato ameniomba karatasi ya hadithi ya bendi, iwekwe ndani ya kasha la kaseti mpya wanayoitoa. Karatasi ndiyo hii. Kesho nampa, nakala naituma kwako Gulu, na nikishampa siwezi kuirudisha. Nakato, ukisoma: gitaa yote ni Mama Aber, na maneno yote ni yake. Mimi nilidanganya. Ngoma ni mimi, na Uganda nzima hakuna aliyezipiga kunishinda. Hapo usibadilishe kitu.

Mama Aber, kuomba sijui, miaka yote umeniona. Sisemi njoo. Nasema Jumamosi gitaa itakaa kwenye kiti na hakuna mtu ataigusa, hata Nakato. Watakasirika. Wakasirike. Nitapiga ngoma tupu, upande wa kwanza wa kaseti na upande wa pili, na watu wajionee zinafika wapi.

Msalimie dada yako. Asubuhi usitoke bila shali.

Mumeo,
mpiga ngoma