Mashine Yako Ilijibu, Wewe Hukujibu

Kaka Ambokile,

Siku unazikwa kule Tukuyu, mashine yako ya Mbeya ilinijibu. Tangu siku hiyo nina hasira na teleksi, mashine hizi zetu za kupelekeana maandishi kwa waya, na wewe ndiye uliyenifundisha kuipenda.

Meneja wetu mpya hapa Iringa hukuwahi kumfahamu. Alininyima ruhusa ya kuja kukuzika, akasema wewe si ndugu yangu. Ndiye pia aliyeamuru kila habari itobolewe kwanza kwenye utepe wa karatasi, na ndani ya utepe huo huo tuweke amri ya kuiuliza mashine ya upande wa pili: nani wewe? Utepe ukifika pale, mashine ya mbali inajitaja yenyewe bila mtu kuigusa, kisha habari inaendelea kwenda. Sisi tukanywe chai. Ni kazi nzuri, sikatai. Wewe mwenyewe ulinionyesha namna ya kuitoboa amri hiyo nilipokuwa najifunza kazi kwako huko Mbeya, nikaona kama mazingaombwe.

Lakini wewe ulikuwa na lako. Utepe wangu ukiisha, ulikuwa unanipigia kwa kidole, kwenye mashine yako, neno moja: kamwene. Mnyakyusa mzima unanisalimia Kihehe, unichokoze tu. Nami nikiliona ndipo nakunja karatasi. "Mashine inajua jina lake tu, mdogo wangu," uliniambia. "Haijui kama mimi nimekaa kwenye kiti."

Basi asubuhi ile akaja mtunza ghala wa dawa za mifugo, anahema. Mapipa yaliyopelekwa Mbeya kwa lori yalikuwa na sumu ya magugu, si dawa ya kuogeshea ng'ombe. Yalibandikwa karatasi zisizo zake. Na wafugaji wa Usangu walikuwa wanakuja kuyachukua siku hiyo hiyo. Nilitoboa utepe haraka: ofisi yenu iwahi ghalani, iyazuie mapipa. Mashine yako ikaulizwa, ikajitaja, habari ikaenda mpaka nukta ya mwisho. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Imejibu, imefika," akasema. "Endelea na nyingine."

Nikangoja kamwene. Nikangoja, kaka, kama mjinga. Ndipo nikakumbuka kwamba ofisi yako nzima iko Tukuyu, inakufukia. Nilikuwa nimeongea na chumba kilichofungwa.

Nilimwambia meneja kule hakuna mtu. Akanijibu nisilete msiba wangu kazini. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilinyanyua simu mbele yake, bila kibali, nikaomba Mbeya. Ghala la kule halina simu, kwa hiyo niliomba duka la Bi Mwanaidi, lile la mtaa wa Soweto linalotazamana na ghala, ulikokuwa ukininunulia vitumbua. Laini ilikuwa inakatika katika. Nikamwomba avuke barabara awazuie watu wasiondoke na yale mapipa, ni sumu.

"Haya, mwanangu," akasema, wala hakuuliza zaidi.

Akaacha simu wazi. Nikabaki nasikia redio ya dukani, na mteja anaulizia sukari, hakuna wa kumjibu. Meneja alikuwa ananiambia niweke simu chini. Sikuiweka.

Bi Mwanaidi aliporudi alikuwa hoi. "Walikuwa wanafunga kamba. Nimekaa juu ya pipa mimi mwenyewe, nikawaambia wanibebe na mimi."

Nilicheka na kulia pamoja. Ungekuwepo ungenitania mwaka mzima.

Wenzako waliporudi kutoka kukuzika walifungua chumba, wakaikuta habari yangu imeanguka sakafuni, safi, hakuna hata herufi iliyopotea. Ng'ombe wa watu wangekufa na karatasi ile ikiwa pale pale.

Jumatatu nimeitwa kujieleza kuhusu simu isiyo na kibali. Naogopa, nisikufiche. Mama ananitegemea, na kazi nyingine sina. Lakini nitawaambia hivyo hivyo ilivyokuwa. Wakiniacha kwenye kiti hiki, nakuahidi sitakunja karatasi mpaka mtu mwenye pumzi zake anijibu. Na nitakayemfundisha, nitamfundisha hivyo.

Leo asubuhi, kabla ya kazi, niliiuliza mashine yako nani wewe. Ikajitaja, haraka kama kawaida yake. Nikapiga neno letu kwa kidole, polepole, nikazima.

Pumzika, kaka yangu. Kamwene. Hii usiijibu.

Mdogo wako,
Levina