Figo Yangu Imegeuka Muujiza

Jumapili, jioni. Upepo wa ziwa umeanza kuvuma hapa Nyegezi. Nguo nilizoanika zimekauka tangu mchana na bado sijazianua. Nina hasira, na leo sitaki mtu anitulize.

Asubuhi kaka yangu Maduhu alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasimulia alivyougua figo, alivyosafishwa damu mara tatu kwa wiki, alivyovimba miguu mpaka viatu vikagoma kuingia. Yote kweli. Kisha akasema siku moja akiwa kwenye maombi alihisi moto kiunoni, na Mungu akamuumbia figo mpya.

Kanisa zima likalipuka kwa vigelegele.

Mimi nilikuwa benchi la nne. Figo hiyo mpya naifahamu. Nilikaa nayo miaka thelathini na minne.

Ilitoka kwangu mwaka jana, tulipopasuliwa Dar, baada ya kikao cha ukoo kule Misungwi. Tulipimwa watatu, tukafaa wawili, mimi na mdogo wetu wa kiume. Wazee hawakuteta sana. Baba mkubwa alinigeukia akasema, "Mwenzako ana mke na watoto. Wewe huna wa kumwacha." Nikakubali. Niseme ukweli, ningekubali hata bila kikao, maana Maduhu nampenda. Lakini sijasahau kwamba nilichaguliwa kwa sababu nalala peke yangu.

Mama husema tenda wema nenda zako. Nilikwenda zangu. Sikudai zawadi wala sherehe. Ila kwenda zako ni jambo moja, kufutwa ni jingine.

Baada ya ibada tulialikwa kwa kaka, Mabatini, mchungaji akiwa mgeni wa heshima. Wifi akanituma jikoni nichemshe chai. Kopo la majani ya chai lilikuwa tupu, nikashusha lingine lililokuwa juu ya kabati. Ndani yake, chini ya kitambaa, nikakuta vidonge. Ni vile vile tulivyoelekezwa hospitali wote wawili tukisikia: saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na mbili jioni, maisha yake yote, asiruke hata mara moja, la sivyo mwili wake utaikataa figo ya mtu mwingine.

Kumbe muujiza unamezewa vidonge, tena kwa kujificha.

Nikavitia vyote kwenye mkoba. Nikapeleka chai, nikamkaribisha mchungaji, nikaaga. Nilipofika nyumbani nikamwandikia kaka: "Vidonge vyako ninavyo. Vifuate mwenyewe."

Alipiga simu mara tisa. Sikupokea.

Sasa niungame. Ilipofika saa kumi na moja na nusu nilianza kuchungulia getini. Je, asipofika? Kumuua sitaki. Na figo yangu je? Hata kulipiza kisasi nashindwa bila kujiumiza mwenyewe. Nilishavaa kiatu kimoja nimpelekee, ndipo geti likagongwa.

Alikuwa bado na ile suti ya ushuhuda. Wapangaji wenzangu walikuwa uani, akiwemo mama Neema, anayeimba kwaya kanisani kwetu, akichambua mchicha. Nilipiga goti kidogo, kama tulivyolelewa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nipe basi, mdogo wangu, muda umefika," akanong'ona.

"Nikupe nini, kaka?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

Akamtupia jicho mama Neema. Mama Neema akaacha mchicha.

"Ya figo."

"Figo ya nani?"

Akatazama saa yake. Zilibaki dakika nne. Jasho lilikuwa linamshuka mpaka kwenye tai.

"Yako," akasema, safari hii kwa sauti. "Figo yako, Minza."

Nilidhani hapo moyo wangu utatulia. Haukutulia. Uani walisikia watu sita, na kanisani walikuwa zaidi ya mia tatu. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Nikampa vidonge vya jioni hii tu, na kikombe cha maji. Akameza nikimtazama. Vilivyobaki nimevifungia kabatini na ufunguo ninao mimi. Nimemwambia kesho saa kumi na mbili asubuhi aje tena, aombe tena, aseme ni ya nani, hapo hapo uani. Na jioni. Na keshokutwa. Mpaka Jumapili atakaposhika kile kipaza sauti na kulitaja jina langu.

Naweka simu iniamshe saa kumi na moja, nichemshe maji ya kunywa yapate kupoa. Sitaki figo yangu inyweshwe maji machafu.