Niombe Radhi kwa Ajili ya Majani ya Maharage?

Shangazi Pudentienne wa gazetini, pokea salamu zangu, na nakuomba uniazime akili yako kwa sababu yangu imeniishia. Mimi ni binti wa fundi cherehani wa hapa Rwezamenyo, nilisomea kilimo, na mwaka jana, 1991, ofisi yetu ya kilimo huko Kacyiru ikanipa kipindi cha wakulima redioni kila Jumamosi asubuhi, basi baba akawa anaitoa redio mlangoni na kuongeza sauti hadi wateja wanasahau suruali zao, nami nikaona nimefika. Kazi yangu ni kuchukua karatasi za mkuu wangu, Bwana Eustache, agronomu yaani mtaalamu wa mazao, zilizoandikwa kwa Kifaransa cha kitaalamu, na kuzigeuza ziwe maneno ya mtu anayeshika jembe, na mwezi wa tatu nikasoma karatasi inayosema mkulima asichume jani la maharage hata moja, maana mavuno yatapungua, nikasoma kwa madaha kabisa, Shangazi, wala sikukumbuka kwamba nyumbani kwetu tumekula umushogoro, hayo hayo majani ya maharage, kila msimu wa njaa tangu nilipoota meno.

Jumatatu yake akaja mama mmoja kwa miguu kutoka Gatsata, Kabagwira jina lake, akanikuta mlangoni mwa ofisi. "Ni wewe dada ya redio? Unakataza sisi majani. Sasa miezi mbili hii watoto iko nakula nini, sauti yako?" Nilitamani ardhi inimeze, lakini nikamuuliza yeye anafanyaje, akanieleza kwamba huchuma majani ya chini tu, mawili kwa kila mche, kisha huuacha mche upumzike wiki nzima, na ua la kwanza likitokea hagusi tena. Jumamosi nikaiweka karatasi pembeni, nikamkalisha yeye mbele ya kipaza sauti aseme mwenyewe, na Shangazi, barua zilikuja kwa gunia, wanawake wanaandika kwamba hatimaye redio imeongea na wao.

Bwana Eustache alininunia msimu mzima, na sasa anaandika ripoti kwa wakubwa, tena ameniita. "Mademwazeli, karatasi iko ya kusoma, haiko ya kuuliza wamama." Anataka Jumamosi hii niombe radhi redioni, niseme Kabagwira alipotosha wakulima, na nisiposema narudi kupiga taipu. Kumbe mimi na Kabagwira tuligawa shamba lake sehemu mbili sawa, moja tukachuma majani kwa namna yake, nyingine hatukugusa, na wiki iliyopita tumevuna na kupima, upande usioguswa kilo arobaini na moja, upande uliochumwa thelathini na tisa na nusu, yaani kilo moja na nusu tu, Shangazi, na nyumba nzima imekula mboga wiki baada ya wiki! Lakini Bwana Eustache hajui, naogopa kumwonyesha, naogopa kusoma, naogopa kukataa, na baba Jumamosi ataitoa redio mlangoni kama kawaida. Nifanye nini?

Athanasie, Rwezamenyo

*

Athanasie binti yangu,

Barua yako niliijibu kwa mkono siku ile ile nikampa mtu akuletee, kwa kuwa Jumamosi yako isingengoja gazeti. Leo umeniruhusu niichapishe na majina yake yote, na haya ndiyo niliyokuandikia.

Kwanza nikugombeze. Una magunia ya ushahidi nawe umeyaficha kama mtu aliyeiba! Mficha uchi hazai. Tena usijione malaika: Kabagwira ulimweka redioni Machi, mkapima Juni. Mngekuwa mmekosea, je? Umebahatika, na bahati si elimu. Kwa hilo unadaiwa radhi, na ni hilo peke yake.

Lakini kumwita Kabagwira mpotoshaji, thubutu! Mama huyo ametoka Gatsata kwa miguu kuja kukusahihisha, jambo ambalo ofisi yenu nzima haikufanya. Ukisoma tangazo lile, majirani watamcheka shambani kwake, na hakuna mkulima atakayekuja tena mlangoni kwako kukuambia ukweli. Kipindi kitakuwa kimekufa hata ukibaki nacho. Pole mwanangu, najua taipu inatisha ukishazoea kipaza sauti.

Basi kesho ingia kwa Bwana Eustache bila kununa, umwambie: "Bwana, nilipaswa kukuuliza kabla, nisamehe. Twende ukapime mwenyewe." Mtaalamu akiitwa kwenye mizani hawezi kukataa. Mwambie Kabagwira asichanganye maharage ya pande mbili wala asiyapike hadi mfike. Akishaona, mwombe aje redioni na ninyi, na mseme wazi kwamba hili ni shamba moja, msimu mmoja, wengine wajaribu kwanza kwenye kipande kidogo. Akikataa yote hayo, kapige taipu, lakini tangazo lile usilisome.

Hayo niliandika Jumanne. Jumamosi niliwasha redio mapema, uji ukaungua sikujali. Nikasikia sauti yako ikiomba radhi kwa kusema kabla ya kupima, nikaitikia kwa kichwa kwa furaha. Kisha mwanamume akakohoa. "Mimi ni Eustache, agronomu. Mizani nimeshika mimi mwenyewe. Karatasi yangu ya mwezi wa tatu ilisahau kwamba mkulima naye anakula."

Na kabla hajavuta pumzi, sauti ya mama yetu wa Gatsata: "Ongeza, Bwana. Majani ya chini tu. Ya juu unaacha."

"Ya chini tu," akarudia Bwana Eustache.

Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni! Nasikia baba yako alitoka barabarani na futi yake ya kupimia nguo shingoni, akawaambia wapita njia wote wa Rwezamenyo kwamba huyo ni binti yake. Hongera, Athanasie, umeshinda na hukumwangusha mtu. Sasa andaa karatasi ya mwezi wa tisa, na kabla hujaisoma, panda Gatsata ukamsomee Kabagwira kwanza.