Tata, Wimbo Wako Umepanda Freti Nne

Tata,

Shikamoo, baba yangu. Najua hutaitikia marahaba, lakini nimeshindwa kungoja, lazima nikuambie leo hii hii: Mama ameimba! Ule wimbo wako wa mavuno, mbele ya usharika wote hapa Nyabiyonza, na gitaa lako nimelishika mimi.

Tangu tukuzike kibanjani, kati ya migomba yako, kwaya ilikuwa haiugusi. Uliutunga kwa sauti yako nzito, G ya chini kabisa, na hakuna mwingine mwenye koo kama lile. Mama alijaribu mara moja, akanguruma mstari wa kwanza, akakaa chini analia. Akasema wimbo umekwenda na mwenyewe. Hilo liliniuma kuliko siku ya mazishi, Tata. Kweli kabisa.

Basi nikaamua kuupandisha. Kwanza kwa karatasi, ulivyonifundisha tukianika kahawa: kila kodi, yaani kila mshiko wa nyuzi, ipande hatua sawasawa. Nikafika kwenye B na F shapu, mishiko migumu ile, vidole vikagoma. Nikafanya ulichokataza. Nikachukua penseli, nikaikaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye freti ya nne ya shingo ya gitaa, ikawa kapo ya kubana nyuzi zote, nikashika G yangu ya siku zote, gitaa likatoa B! Na wewe ulivyokuwa ukisema, "Kapo ni mkongojo wa mvivu." Haya, mvivu ni mimi.

Ila mazoezi ya kwanza ungecheka. Nilimwambia Rwegasira, yule wa gitaa la besi, apige G, kwa sababu vidole vyangu vilishika G. Naye, mtiifu, akapiga G kweli. Mungu wangu! Mimi natoa B huku, yeye G kule. Mzee wa kanisa akatoka nje. Tukarudia mara tatu, kila mtu akimlaumu mwenzake, mpaka nikaiona ile penseli, nikakumbuka kwamba G yangu sasa ni B. Nikamwambia, "Kaka, mimi nikitaja G, wewe piga B." Tukaelewana.

Na Jumapili... sijui nikuelezeje. Sauti ya Mama ilitoka nyepesi, ikapanda kwenye kiitikio bila kukazana, ikakaa huko huko. Kina mama wakapiga vigelegele kabla ubeti haujaisha. Machozi yananitoka huku napiga, nusura nipoteze mapigo.

Nyumbani, akimenya ndizi, akasema, "Mwanangu, miaka yote nilikuwa naimba kwenye koo la baba yako." Hakusema kwa ubaya, alikuwa anacheka. Ulikuwa fundi, Tata, na nakupenda, ila hata siku moja hukumuuliza Mama wimbo unamkaa wapi kwenye sauti yake. Wala mimi sikuwahi kumuuliza.

Sasa daftari lako liko mapajani mwangu, nyimbo zote zimeandikwa kwa koo lako. Nakuahidi, hakuna hata mmoja utakaobaki humu bila wa kuuimba. Nitazipitia moja moja, na kabla sijaandika kodi nitamuuliza mwimbaji, "Unakukaa wapi?" Nimeanza na ule uliokuwa ukinibembelezea nikiwa mdogo. Huo nimejiuliza mwenyewe. Unanikaa freti ya tatu.

Pumzika, Tata wangu. Kesho nauimba kwa sauti yangu.

Mwanao,
Kemilembe