Kitambaa Machoni pa Angelina

Mang'ola, 3 Machi 2025

Dada Cresensia,

Shikamoo. Mnaendeleaje hapo Daa, wewe na shemeji Thomasi? Mimi nina nguvu, kifua hakijanisumbua tangu nimalize dawa. Simu zangu hupokei, ndiyo maana barua hii nimempa Emilian, dereva wa lori la vitunguu.

Nilimwacha Angelina kwako ana miaka minne, nilipougua kifua kikuu. Nilipokuja kumwona alilia wiki nzima baada ya mimi kuondoka, nawe ukaniambia nisije tena mpaka siku ya kumchukua moja kwa moja. Nimetii. Miaka miwili na nusu sijamwona mwanangu. Sasa nimepanga vyumba viwili, na shule iko karibu. Tarehe 22 anatimiza miaka saba. Nitakuja siku hiyo, nimchukue.

Mdogo wako,
Eva

Daa, 10 Machi 2025

Eva,

Marahaba. Sisi hatujambo, mahindi yameota vizuri. Angelina naye mzima, ameng'oka jino la mbele.

Siku hiyo nimealika watoto kumi na wawili. Watacheza ndani, maana mvua haikatiki, na tembo siku hizi wanashuka mashambani hata mchana. Thomasi atapiga ndoo, watoto wazunguke viti; ndoo ikinyamaza kila mmoja agombee pa kukaa. Kutakuwa na maputo pia. Mwisho watacheza kitambaa: mtoto anafungwa macho, anapapasa uso wa mtu, anamtaja ni nani.

Njoo, lakini uje kama mgeni. Usimwambie wewe ni nani. Akikutambua mwenyewe kwenye kitambaa, nitamfungia nguo zake siku hiyo hiyo. Asipokutambua, utarudi peke yako na hutamdai tena. Mimi ndiye ninayemjua akiumwa, akiota, akinuna. Nijibu kama unakubali.

Dada yako,
Cresensia

Mang'ola, 13 Machi 2025

Dada, shikamoo.

Nimekubali. Nimemzaa, atanijua.

Eva

Mang'ola, 24 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama. Mimi nilifika salama, nililowa tu.

Uliwaambia watoto mimi ni mama anayeuza vitunguu, nami nikakaa kwenye kiti changu ukutani, nimefunga mdomo. Shemeji aliponyamazisha ndoo, Angelina alikosa kiti akaja kukaa mapajani mwangu. Watoto wakacheka, wakasema ametoka. Alikuwa mzito, dada. Mara ya mwisho nilimbeba kwa mkono mmoja.

Halafu ukamfunga kitambaa. Alimtaja Katarina wa jirani kwa nywele zake, akamtaja shemeji kwa ndevu. Alipofika kwangu alishika mashavu, akashika masikio, akarudi tena kwenye mashavu. Akasema, "Huyu simjui."

Wewe ukasema, "Haya, zamu ya Katarina."

Niliondoka kabla ya keki kwa sababu nilikuwa nimeahidi, na nisingeweza kukaa na kutimiza ahadi kwa pamoja. Sitamdai tena. Mlee.

Eva

Daa, 1 Aprili 2025

Mdogo wangu Eva,

Habari za siku hizi zote? Nakuuliza nikijua jibu. Sisi ni wazima wa mwili.

Kuna jambo nimekaa nalo tangu siku ile, na kila asubuhi nilisema sitakuandikia. Ulipoondoka, Angelina hakula keki. Tulipokuwa tunaosha vikombe aliniuliza, "Mama mkubwa, mama amekwenda wapi?"

Nikamwuliza mama yupi.

"Mama. Yule mwenye vitunguu."

Nikamwambia, "Si ulisema humjui?"

Akasema, "Nilimjua. Niliwasikia wewe na baba mkubwa jikoni. Nikimtaja ningeondoka, na wewe ungebaki unalia."

Nilimsomea Thomasi barua yako ya kukubali jikoni, nikamweleza na sharti langu, na ukuta wetu unaujua ulivyo mwembamba. Mtoto wa miaka saba amebeba hilo kifuani mbele ya wageni wote, akiwa amefungwa macho, ili mimi nisilie. Na mimi nilifurahi, Eva. Aliposema hakujui, nilifurahi. Siwezi kukuficha.

Thomasi hajanigombeza. Alisema tu, "Umempa mtoto kazi yako," akatoka kwenda shambani.

Nimemkalisha Angelina nikamwambia hakuna mtu atakayebaki peke yake, na kuamua ni kazi ya wakubwa. Alinitazama kama mtu asiyeamini. Ana haki.

Shule zinafungwa Ijumaa. Jumamosi tutapanda lori la Emilian, mimi na yeye, na nguo zake zote. Naomba unipe nafasi ya kulala kwako siku mbili, ili asione kwamba nimemtupa. Likizo nyingine, ukiridhia, utamleta huku.

Leo alitaka akuandikie hapa chini. Nimemkatalia. Nimemwambia hayo ya kwake atakwambia mwenyewe, kwa mdomo.

Dada yako,
Cresensia